Anzia Mtoni: Vibali vya Kujenga na Kuendesha Mfumo wa Majitaka
Sehemu ya Tatu

Katika makala mbili zilizopita tuliona jinsi shimo la choo linavyofikia kikomo mji unapojaa watu, kisha tukalifuata bomba kutoka chooni, kupitia chemba za barabarani, hadi kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Leo tunaingia kwenye jambo linalowatia hofu madiwani, wenye viwanda na wajenzi wa nyumba nyingi kwa pamoja: vibali vya Serikali. Nitazungumzia Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake.

Neno "vibali" huwakumbusha wengi foleni, mihuri na faili lisiloonekana. Hata hivyo, kila kibali cha majitaka kina mtu kinayemlinda: mwenye shamba ambalo bomba litapita, jirani wa bwawa, mvuvi aliye chini ya mto, fundi atakayeshuka ndani ya chemba. Ukishajua kibali kinamlinda nani, utajua pia kiombwe lini. Kwa maoni yangu, cha kufikiriwa kwanza ndicho ambacho wengi hukiweka mwisho: kibali cha kutiririsha maji yaliyotibiwa mtoni au ziwani.

Mto ndio unaoamua

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka maji ya nchi chini ya mabonde 9, na kila bonde lina bodi yake. Moshi iko Bonde la Pangani, Mwanza iko Bonde la Ziwa Victoria, na Dar es Salaam iko Bonde la Wami/Ruvu. Anayetaka kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji, hata kama ameyatibu, huomba kibali kwa bodi ya bonde lake. Huko ataeleza wingi wa maji hayo, ubora wake na mahali yatakapoangukia.

Ubora huo hupimwa kwa vipimo kadhaa, na kilicho maarufu zaidi ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia wanapoozesha uchafu uliomo majini. BOD ikiwa kubwa, oksijeni ya mto huliwa na samaki hukosa pumzi. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 ziliweka ukomo wa miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayotoka kwenye mtambo.

Tupige hesabu. Chukua mji wa mfano wenye watu 50,000, kila mmoja akitoa lita 80 za majitaka kwa siku. Jumla ni lita milioni 4 kila siku. Tukikadiria kila mtu hutoa uchafu wenye BOD ya gramu 40 kwa siku, majitaka hayo yatafika mtamboni yakiwa na miligramu 500 kwa lita. Kuyashusha hadi 30 ni kuondoa asilimia 94 ya uchafu. Bwawa moja lililochimbwa kwa haraka nyuma ya mnada haliwezi kazi hiyo.

Sasa tuutazame mto. Tuseme wakati wa kiangazi unapitisha lita 50 kwa sekunde, ambazo kwa siku ni lita milioni 4.3. Maana yake ni kwamba chini ya mtambo, karibu nusu ya mto itakuwa maji yaliyotoka vyooni. Hata kama mtambo umetimiza kiwango cha 30, na mto wenyewe ulikuwa na 2 tu, mchanganyiko wao utafika kama 15. Mvuvi na mama anayechota maji huko chini wataona tofauti. Ndiyo sababu bodi ya bonde huweka masharti ndani ya kibali, na ndiyo sababu mhandisi makini huenda kwenye bodi hiyo kabla hajachora bomba la kwanza. Mto ndio unaoamua maji yatibiwe kiasi gani. Kiasi hicho huamua ukubwa wa mtambo, na mtambo huamua ardhi na fedha zinazohitajika. Anayeanza na mabomba akamalizia na mto hujikuta ana bomba zuri lisilo na pa kumwaga.

Tathmini ya athari kwa mazingira

Kibali cha pili kwa uzito kinatokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mradi husajiliwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kupitia mtaalamu elekezi wa mazingira aliyesajiliwa. Huandaliwa hadidu za rejea, kisha taarifa kamili ya tathmini, na wataalamu huipitia na kutembelea eneo. Cheti hutolewa baada ya hapo, kikiwa na masharti yake.

Kiini cha zoezi hili ni mikutano na wananchi. Wakazi wanaoishi karibu na eneo la mabwawa wana haki ya kujua upepo wa jioni unavuma kuelekea wapi, mbu watadhibitiwaje, uzio utakuwaje ili watoto wasitumbukie, na tope litakalotolewa mabwawani litapelekwa wapi. Swali la tope husahaulika mno. Bwawa la kwanza hujaa tope polepole kwa miaka, na lisipoondolewa, maji hupita juu juu bila kutibiwa. Tathmini isiyotaja tope litaishia wapi haijakamilika, hata kama ina kurasa mia tatu.

Faida nayo itajwe. Kule Mabogini, Moshi, maji yaliyopita kwenye mabwawa yamekuwa yakitumiwa na wakulima wa mpunga. Maji hayo yana rutuba, lakini yanaweza pia kubeba mayai ya minyoo. Kwa hiyo nia ya kuyatumia shambani isemwe mapema, ili mabwawa yajengwe kwa kiwango kinachomlinda mkulima anayesimama pekupeku majarubani.

Ardhi, barabara na mafundi

Bomba la majitaka hufuata mteremko. Halichagui kiwanja cha nani. Likipita kwenye ardhi ya mtu, mkuza wake lazima upatikane kwa utaratibu, na ardhi ikitwaliwa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Uzoefu wa miradi mingi ni kwamba fidia iliyocheleweshwa husimamisha kazi zaidi kuliko mvua za masika.

Likipita kwenye hifadhi ya barabara, ruhusa huombwa TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, au TARURA kwa barabara za wilaya na mitaa ya mji. Halmashauri hutoa kibali cha ujenzi. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Usalama wa fundi usifanywe wa kujaza fomu tu. Ndani ya chemba hukusanyika gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa kabla ya kumuua mtu mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, wakala wa Serikali wa usalama na afya kazini. Asishuke mtu chemba bila gesi kupimwa, bila mkanda wa kumvuta, na bila mwenzake juu.

Kuendesha ni kibali kisichoisha

Siku ya uzinduzi utepe hukatwa na wageni huondoka. Hapo ndipo kazi ya kuendesha huanza. Mamlaka ya maji na usafi wa mazingira hufanya kazi chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ikiwa na leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Bei ya huduma ya majitaka nayo hupita EWURA, na wananchi huitwa kwenye taftishi kutoa maoni. Nendeni. Bei ndogo mno huzima pampu, na bei kubwa mno hurudisha watu kwenye kutapisha vyoo mvua inaponyesha.

Mamlaka yenyewe nayo hutoa ruhusa. Kiwanda cha ngozi, machinjio au kiwanda cha bia hakitakiwi kujiunganishia bomba la umma kitakavyo. Hutakiwa kutibu maji yake kwanza, kwa sababu kemikali za siku moja zinaweza kuua vijidudu wanaofanya kazi yote ya mabwawa.

Juu ya hayo kuna sampuli. Maji yanayoingia na yanayotoka hupimwa, matokeo huandikwa, bodi ya bonde na NEMC hukagua. Maabara ikikosa fedha, kibali kilichotundikwa ukutani hubaki karatasi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mji unaomwaga uchafu wake mtoni hujiona umepata nafuu hiyo, na mzigo huwaangukia walio chini ya mto, ambao hawakuulizwa.

Diwani unayesoma makala hii, mradi wa majitaka ukiletwa kwenye baraza lako, acha kwanza swali la kilomita za mabomba. Uliza maji yatamwagwa wapi, bodi ya bonde imesemaje, na ni fungu gani la bajeti litakalolipia sampuli mwaka wa kumi baada ya uzinduzi. Usipopata majibu, mradi haujawa tayari kupitishwa.