Geuza Bakuli, Usome Kitako

Mkusanyaji wa Ulaya akitaja vyombo vya udongo vya katikati ya karne ya 20, mara nyingi mawazo yake yako kwenye sanamu ndogo za rafuni, kama wale simba wanene wa Lisa Larson, aliyeanza kazi katika kiwanda cha Gustavsberg, Sweden, mwaka 1954. Kwetu Pemba sanamu hazina nafasi sebuleni. Dini na mazoea vimezikataa. Udongo wa Ulaya tuliouthamini sisi ni wa kulia na wa kupamba: sahani, kombe na bakuli.

Mapenzi ya vyombo vya kigeni ni ya kale. Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, yako makaburi ya nguzo yaliyotiwa mabakuli ya kigeni ndani ya chokaa. Mengine yamebaki shimo tu, bakuli limeshang'olewa. Nasema wazi: anayenunua bakuli la kaburini anamlipa aliyelivunja kaburi. Kusanya vya kabatini, vyenye mwenyewe anayejua vilikotoka.

Vya kabatini vingi ni vya zama za karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na fedha ya mavuno ikahamia huku. Pamoja nayo vikaja vyombo vya viwandani kutoka Uingereza na Uholanzi, hasa mji wa Maastricht, ambako Petrus Regout alianzisha kiwanda chake katika miaka ya 1830. Vigae vya aina hiyo wanaakiolojia wameviokota katika mashamba ya karafuu ya visiwa vyetu.

Basi, likikufikia bakuli, ligeuze kwanza. Kitako ndicho cheti chake. Alama maarufu ya Regout ni kiumbe wa Misri mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, pamoja na jina la Maastricht. Tazama kama nchi imeandikwa. Sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 1891 ilidai bidhaa zitaje nchi zilikotengenezwa, na viwanda vya Ulaya vikaizoea. Chombo chenye jina la nchi, kwa kawaida, ni cha baada ya hapo. Kisicho nalo kinaweza kuwa cha kale zaidi, lakini hilo peke yake si ushahidi.

Kisha soma ua. Mabakuli mengi yalipambwa kwa sifongo iliyokatwa umbo la jani au nyota, ikachovywa rangi na kugongwa juu ya udongo kabla ya chombo kupakwa dawa ya kung'arisha. Mkono wa mfanyakazi unaonekana: ua moja limekoza, la pili limepauka, nafasi kati yao hazilingani. Mimi hapo ndipo ninapoupenda ufundi huu kuliko maua yaliyonyooka ya mashine. Ndani ya bakuli pitisha kidole. Vidoti vitatu vidogo ni alama za vitegemeo vilivyotenganisha vyombo tanurini. Ukiinua sahani kwenye jua na kuona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, hiyo ni kaure. Udongo wa Maastricht hauruhusu mwanga.

Ufa mwembamba kama utando wa buibui haulifanyi bakuli kuwa taka. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, usilitie dawa ya kung'arisha nguo, maana hupenya kwenye nyufa na kuula udongo kutoka ndani.

Iko sahani moja wanunuzi huipita: nyeupe tupu, haina ua wala mstari. Sahani ya namna hiyo ndiyo iliyoandikiwa kombe la dawa: aya za Kurani kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Ukipewa sahani nyeupe yenye umanjano hafifu ndani ya nyufa zake, muulize bibi mwenye nyumba kabla hujaisugua.