Kabla ya kubadilisha Windows, okoa mafaili yako

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwani yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Ndiyo maana wako mafundi wanaowashauri wateja wahamie Linux, kama vile Ubuntu, ambayo ni ya bure.

Sina ugomvi na ushauri huo. Ninachokihofia ni mafaili, na hapa nawafikiria zaidi jirani zetu wa Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla. Huko karatasi ni jambo zito. Kwa miaka mingi kijana aliyeomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kumhakiki, akatakiwa athibitishe asili ya wazazi wake. Rais William Ruto alitangaza kuufuta utaratibu huo akiwa Wajir, Februari 2025. Hata hivyo wapo Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi Dadaab ili wapate chakula wakati wa ukame, na kuyaondoa majina yao huko kukawachukua miaka. Kwa mtu kama huyo, nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyomo kwenye kompyuta si kitu cha kuchezea.

Hatari iko wapi basi? Kupandisha Windows 10 hadi 11 kwa njia ya kawaida huyaacha mafaili mahali pake. Lakini kuweka Windows upya kabisa, au kuipa Linux diski nzima, huanza kwa kuifuta diski. Vitu ulivyoweka kwenye Desktop, Documents na Downloads kwa kawaida vimo humo humo.

Kwa hivyo, kwanza nakili folda zako zote kwenye diski ya nje, na zile muhimu uziweke pia mahali pengine, kama Google Drive. Flashi moja haitoshi. Hupotea na huharibika.

Pili, andika kwenye daftari maneno ya siri uliyoyahifadhi ndani ya Chrome au Firefox, maana hayamo kwenye folda hizo.

Tatu, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kadhaa. Kuyaona majina yake pekee si ushahidi, lazima yafunguke.

Nne, hakikisha betri imejaa au kuna umeme wa akiba, stima isije ikapotea kazi ikiwa katikati.

Linux yenyewe waweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. LibreOffice hufungua barua za Word, ingawa mpangilio huenda ukabadilika kidogo.

Ushauri wangu ni huu: fundi asifute chochote mpaka wewe mwenyewe umeifungua nakala ukaisoma. Kunakili ni kazi ya jioni moja. Kutafuta cheti kilichopotea ni safari za ofisi hadi ofisi.