Mteja Akikuuliza "Nisubiri PS6?" Usimjibu kwa Uvumi

Leo naongea na wanaouza vifaa vya gemu kama mimi. Ila hata kama wewe unauza simu au friji, kaa hapa, somo ni lilelile.

Mimi nauza PS na kompyuta za gemu zilizotumika, hapa Singida mjini. Mzigo nautoa Kariakoo, unapanda basi, naupokea stendi ya Misuna. Sina fremu. Duka langu ni WhatsApp na Instagram tu.

Mwaka 2020 uvumi ulinila. Nilikuwa na PS4 nne ndani, kila moja nimeichukua kwa 600,000, na sehemu ya hela ni mkopo wa kikoba. Mwezi wa tisa Sony wakatangaza bei ya PS5: dola 499 yenye sehemu ya CD, dola 399 isiyo nayo. Kwenye magrupu kila mtu anasema PS4 imekufa. Nikaingiwa na hofu, nikazimwaga zote kwa 450,000. Hasara 600,000. Marejesho ya kikoba nikayalipa kwa kuuza kuku wangu wa kienyeji, banda likabaki tupu.

PS5 ikatoka Novemba 2020, lakini dunia nzima ikawa haipatikani kirahisi kwa sababu ya uhaba wa chipu. PS4 zikaendelea kutafutwa. Kijana aliyenunua mbili kwangu aliziuza kwa faida, na akaja kunisimulia mwenyewe huku anacheka.

Sasa juzi kanipigia mzee mmoja wa Ikungi. Kauza alizeti, anataka kumfungulia kijana wake kibanda cha gemu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana anasema tusubiri PS6, au tuchukue kompyuta maana ina nguvu zaidi. We unasemaje?"

Nilikuwa na kompyuta ya gemu imekaa miezi mitatu bila mteja. Nakiri, ulimi uliniwasha. Ningesema tu "chukua kompyuta baba", hela ingeingia siku ileile. Nikakumbuka lile banda tupu. Nikamweleza hivi:

1. Toleo jipya. Oktoba 2025, Mark Cerny wa Sony na Jack Huynh wa AMD walionyesha kwenye video teknolojia wanayoiandaa pamoja. Cerny alisema anatamani kuitumia kwenye mashine ijayo, miaka michache mbele. Hakutaja bei wala tarehe. Hela ya alizeti haiwezi kukaa inasubiri kitu kisicho na tarehe.

2. Bei. Tumezoea mashine ikizeeka inashuka bei. PS5 imekataa hiyo kanuni. Kule Marekani ile ya dola 499 ilipandishwa hadi dola 549 Agosti 2025. Kwa hiyo usimwahidi mteja kwamba akisubiri atapata nafuu.

3. Nguvu. PS4, PS5 na Xbox za sasa zinatumia chipu za AMD, kampuni hiyohiyo inayotengeneza chipu za kompyuta. Ndani ni ndugu. Tofauti ni kwamba kompyuta unaiongezea kidogo kidogo: leo RAM, mwakani kadi ya grafiki. PS ikipitwa, unanunua nyingine nzima. Na kipya si lazima kikufae: PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699 na haina sehemu ya CD, unainunua pembeni. Mwenye kibanda anayeishi kwa CD za mtumba ataumia hapo.

4. Kazi yenyewe. Kibandani mteja analipa kwa mechi. FC 26 iliyotoka Septemba 2025 imetoka mpaka kwenye PS4. Vijana wawili, pedi mbili, tivii moja, mpira unaanza. Kompyuta inataka mtu anayeijua. Ila huyohuyo mtu anaweza kuchapa barua, kuprinti na kuhariri video za harusi.

Nikamuuliza, "Kijana wako anajua kompyuta, baba?"

Akanyamaza kidogo. "Anajua mpira."

Akachukua PS4 mbili na pedi nne. Faida yangu ilikuwa ndogo kuliko ambayo ningeipata kwenye kompyuta. Lakini hela ya mavuno ya mwaka mzima haijapotelea kwenye kitu kitakachofunikwa kitambaa.

Kompyuta bado ninayo. Nimebadilisha maelezo yake status, nimeandika "inahariri video na gemu inacheza". Wapiga picha wawili wameshauliza bei. Bado hawajalipa, lakini angalau sasa wanaouliza ni wahusika.

Ya kubeba leo:
- Muulize mteja kazi ya kifaa kabla hujamtajia bei.
- Tenganisha kilichotangazwa na kampuni na kinachosemwa kwenye magrupu.
- Usijaze mzigo wa toleo linaloelekea kupitwa, na usiumwage kwa hofu. Uza mmoja, angalia soko, ndipo uongeze.
- Hela ya mkopo usiiweke kwenye kitu ambacho bei yake huwezi kuikadiria kwa miezi mitatu mbele.

Wewe una mzigo gani ndani unaogopa utapitwa na toleo jipya? Andika hapo chini, tushauriane.