Alpaka na Jamaa Yake: Mwaka Mzima Juu ya Milima ya Peru

Kusini ya nchi ya Peru, katika jimbo la Puno, wako watu wanaoishi juu mno hata mahindi hayaoti. Malisho yao yako baina ya mita 4,000 na 4,800 kutoka usawa wa bahari, kiasi ambacho kilele cha Mlima Elgon, chenye mita 4,321, kingelingana na ua wa nyumba zao. Hewa ni nyembamba, jua la mchana huchoma ngozi, na usiku maji ya ndoo huganda. Ng'ombe hudhoofika huko. Anayestahimili ni alpaka, nduguye ngamia asiye na nundu, mwenye shingo ndefu na manyoya mazito, ambaye kimo chake begani hakifiki mita moja.

Hesabu ya kilimo ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Peru ilikuwa na alpaka zaidi ya milioni 3 na nusu, na Puno ndiyo iliyoongoza. Wengi wao ni mali ya jamaa za kawaida za Waquechua na Waaymara. Haikuwa hivyo zamani, kwani malisho mengi mazuri yalikuwa mikononi mwa mabwana wachache, mpaka serikali ya kijeshi ya Jenerali Juan Velasco Alvarado ilipotangaza sheria ya mageuzi ya ardhi tarehe 24 Juni 1969. Mashamba hayo makubwa yakafanywa ya ushirika, na katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ikagawiwa jumuiya za wakulima.

Kazi iliyo nzito kuliko zote huanza pamoja na mvua, mwezi wa Desemba, nayo huendelea hadi Machi. Ndio wakati wa kuzaa. Alpaka huchukua mimba miezi 11 na zaidi, naye huzaa ndama mmoja tu. Basi jamaa ikimpoteza ndama huyo, imepoteza mwaka mzima wa jike lile. Maumbile yamesaidia kidogo: majike huzaa aghalabu baina ya saa moja asubuhi na saa nane mchana, ili mtoto apate kukauka kabla ya baridi ya usiku. Lakini mama alpaka hana desturi ya kumlamba mwanawe kama afanyavyo ng'ombe. Jua lisipotoka, au mvua ya mawe ikinyesha, hapana budi mtu awepo na kitambaa mkononi amfute.

Mtu huyo kwa kawaida ni mama wa nyumba, akisaidiwa na watoto. Yeye ndiye atiaye iodini kwenye kitovu, na ndiye ahakikishaye kwamba ndama amesimama na kunyonya dang'a katika saa za mwanzo, maana asiyeipata hana kinga. Ndama huwa na uzito wa kilo 6 hadi 8 tu, na mbweha humngojea chini, na kondori, yule tai mkubwa wa Andes, humngojea angani. Hata hivyo adui aliye mbaya zaidi haonekani kwa macho. Ni ugonjwa wa kuharisha unaotokana na vijidudu vya matumbo, ambao huwaua ndama wa majuma machache kwa siku moja au mbili, hasa zizi linapogeuka tope. Dawa huwa zimechelewa. Kinachofaa ni kulihamisha zizi mara kwa mara mahali pakavu, kazi ya kubeba mawe na nyavu katikati ya mvua, na ni dhahiri kuwa mwenye kuona uvivu siku hiyo atawazika ndama kesho yake.

Majuma mawili au matatu baada ya kuzaa, jike hupelekwa tena kwa dume. Hapa mfugaji hahitaji daktari wa kupima mimba. Jike aliye tayari huketi chini kwa upole. Aliyekwisha kupata mimba humtemea dume mate usoni na kukimbia.

Mwezi wa Februari, wakati wa kanivali, wanyama hufungwa nyuzi za rangi masikioni na watu hula na kucheza ngoma. Kisha mvua hukatika.

Kuanzia Mei mpaka Agosti ni kiangazi chenye sakitu. Majani hukauka, na mifugo hutegemea maeneo yenye chemchemi ambayo wenyeji huyatunza kwa kuchimba mifereji midogo ili maji yaenee. Baridi yenyewe nayo hutumiwa: viazi hutandazwa nje vigande usiku, hukanyagwa kutoa maji na kukaushwa, vikaweza kuwekwa kwa miaka. Nyama ya alpaka wazee hukaushwa vivyo hivyo kwa chumvi. Kwa kuwa hakuna miti, moto hupikwa kwa samadi kavu, na kwa bahati njema alpaka huenda haja mahali pamoja, hivyo kuikusanya si taabu. Kabla ya mvua kurudi, ndama huachishwa ziwa, maana mama zao wanakaribia kuzaa tena.

Oktoba na Novemba ni miezi ya kukata manyoya. Mnyama hulazwa, miguu hufungwa, na mkasi hupita toka tumboni hadi mgongoni. Hupatikana takriban pauni 4 au 5 kwa kila mmoja. Mchuuzi huja na mizani yake, hununua kwa pauni, naye huyapeleka manyoya kwenye viwanda vya mji wa Arequipa. Bei hutajwa na yeye. Jamaa iliyo mbali na barabara, yenye deni dukani na watoto wanaotakiwa shuleni, haina nguvu ya kubishana. Ndipo jumuiya nyingine zikaanza kukusanya manyoya pamoja, kuyachambua laini mbali na makavu, na kuyauza kwa wingi.

Liko jambo jingine linalozitia jamaa hizi katika mashaka. Alpaka wana rangi nyingi: nyeupe, kahawia, kijivu, nyeusi, na nyingine za katikati. Viwanda hupenda nyeupe, kwa sababu hukubali rangi yoyote kiwandani, na hulipa zaidi. Basi mwaka hata mwaka, wakati wa kuchagua dume, mweupe ndiye abakizwaye na mweusi huhasiwa au kuchinjwa. Makundi yaliyokuwa na madoadoa yamekuwa meupe tupu. Wanawake, ambao husokota uzi kwa mkono huku wakichunga na kufuma mablanketi yasiyohitaji kutiwa rangi, hawakubaliani sana na hesabu hiyo. Katika nyumba nyingi mzee wa kike huwa na alpaka wake wawili watatu wa kahawia au weusi, ambao mkasi huwapitia kama wengine, lakini manyoya yao hayafiki kwenye mizani ya mchuuzi.