Bledi ya boksi yaokoa maji ya jaruba, dereva akijua kazi

WAKULIMA wa mpunga wa bonde la Usangu, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, wanaujua vizuri ugomvi wa zamu ya maji. Mwenye jaruba la juu hufungulia maji asubuhi, jua linatua bado hajatosheka, na aliye mwisho wa mfereji anakuja na jembe begani kuuliza kulikoni. Lawama huenda kwa banio, kwa viongozi wa skimu au kwa mvua. Ni mara chache kwenda kwenye jaruba lenyewe, ambalo upande mmoja ni kilima na upande wa pili ni shimo.

Hesabu yake si ngumu. Chukua jaruba la nusu ekari, yaani takriban mita za mraba 2,000, lenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 40. Kama ardhi inateremka sentimita 20 kutoka ncha moja hadi nyingine, mkulima anayetaka maji ya kina cha sentimita 3 upande wa juu atalazimika kuweka sentimita 23 upande wa chini. Wastani wake ni sentimita 13. Jaruba lililo sawa lingetosheka na hizo 3. Tofauti ya sentimita 10 katika eneo hilo ni mita za ujazo 200, au lita 200,000 za maji, na hapo ni kujaza mara moja tu.

Hasara haiishii kwenye maji. Miche ya upande wa chini inazama, ile ya upande wa juu inasongwa na magugu kwa sababu maji hayakuufunika udongo, na urea iliyomwagwa huhama na maji kwenda bondeni. Mavuno nayo hayakomai kwa pamoja. Kwa anayetaka kufuata kilimo shadidi, ambacho hupandikiza mche mmoja mmoja ungali na umri wa siku 8 hadi 12 na kutumia maji machache, jaruba lenye mteremko ni kikwazo kikubwa kuliko hata mbegu. Mche wa umri huo hauwezi kusimama ndani ya maji ya sentimita 23.

Kwa Usangu jambo hili lina uzito wa pekee. Mito inayolisha mifereji ya bonde hilo ndiyo inayoujaza Ruaha Mkuu, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mbele yake yapo mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme. Wakulima wa mpunga wamekuwa wakinyooshewa kidole kwa miaka mingi, wakati mwingine kwa haki na wakati mwingine kwa kuonewa. Vyovyote iwavyo, maji yanayosimama bure kwenye shimo la jaruba ni hoja ambayo mkulima hana jibu lake.

Njia zilizozoeleka za kusawazisha ni jembe la mkono, ubao unaokokotwa na ng'ombe, na ubao uliofungwa nyuma ya pawatila wakati wa kuchavanga. Zote hizi ni nzuri kwa kumalizia. Huweza kuondoa vijinundu vya sentimita tatu au nne kwenye tope, lakini haziwezi kuhamisha udongo mwingi kutoka ncha moja ya jaruba hadi nyingine. Upande wa pili kuna mitambo inayoongozwa na mwanga wa leza, ambayo kazi yake ni safi sana, lakini bei yake si ya mkulima wa ekari mbili. Katikati ya hayo mawili ndipo inapokaa zana ambayo bado ni ngeni kwa wengi: bledi ya boksi.

Ni sanduku la chuma lisilo na sakafu wala ukuta wa mbele. Lina mbavu mbili za pembeni, ukuta wa nyuma wenye makali mawili, moja likitazama mbele na jingine likitazama nyuma, na mbele yake kuna meno yanayoweza kushushwa ili kuchimbua udongo mgumu au kupandishwa yasipohitajika. Hufungwa kwenye mikono mitatu ya haidroliki nyuma ya trekta. Tofauti yake na bledi ya kawaida iliyo wazi ni kwamba hii hubeba. Udongo uliokwanguliwa haumwagiki pembeni. Unajaa ndani ya boksi, unakokotwa, na unaachwa pale panapotakiwa. Trekta ya nguvu za farasi 50 hivi hulimudu boksi la upana wa mita 1.8. La muhimu ni boksi liwe pana kiasi cha kufunika alama za matairi ya nyuma, vinginevyo trekta itabaki inakanyaga kile ilichokwisha kusawazisha.

Dereva hodari wa plau si lazima awe hodari wa bledi. Hapa ndipo wengi huharibu. Anayelima kwa plau hutaka zana izame. Anayesawazisha hutaka iguse tu. Mwanafunzi akishusha boksi kwa pupa, linajaa ndani ya mita tano, trekta inaanza kuteleza magurudumu, naye kwa hofu analinyanyua ghafla. Matokeo yake ni shimo, kisha tuta, kisha shimo. Akirudia mara tatu, jaruba linafanana na bati la kuezekea.

Sababu ya mawimbi hayo ni ya kimaumbile, wala si uzembe peke yake. Matairi ya mbele yanapopanda nundu, pua ya trekta huinuka na boksi lililo nyuma hushuka, likachimba. Matairi ya nyuma yanapoifikia nundu ileile, boksi huinuka na kuacha udongo. Nundu moja inazaa nyingine. Dereva anayejaribu kufukuzana na kila nundu kwa mkono daima huchelewa. Dawa yake ni kukwangua kidogo, sentimita mbili au tatu kwa safari, kwenda mwendo wa mtu anayetembea, na kukata jaruba kwa mshazari badala ya kufuata mstari uleule. Safari ya kwanza ikiwa ya kaskazini kwenda kusini, inayofuata iwe ya kona kwa kona.

Kabla ya kuingia shambani kuna mipangilio mitatu ya kutazama. Kwanza ni mkono wa juu, ule wa kati wenye skrubu. Ukifupishwa, boksi huinamia mbele, meno na kali la mbele huuma. Ukirefushwa, boksi huegemea nyuma na kuanza kulainisha bila kuchimba. Mwanafunzi aanze na boksi lililo usawa, azunguze skrubu hiyo mzunguko mmoja mmoja na kuona kinachobadilika. Siku nzima ya mchezo huo kwenye uwanja mtupu si siku iliyopotea.

Pili ni usawa wa kushoto na kulia. Trekta isimamishwe kwenye sakafu tambarare, boksi lishushwe, na mkono wa upande wenye marekebisho, ambao kwa matrekta mengi ni wa kulia, urekebishwe mpaka kali liguse sakafu lote. Upepo wa matairi ya nyuma nao upimwe. Tairi moja likilegea, boksi zima hulala upande, na dereva atatafuta kosa kila mahali isipokuwa hapo.

Tatu ni vishikio vya haidroliki. Matrekta mengi, yakiwamo Massey Ferguson yaliyozoeleka nchini, yana vishikio viwili: kimoja hushikilia zana kwenye kimo kilichochaguliwa, kingine huinyanyua zana yenyewe mzigo unapozidi. Hicho cha pili ni kizuri kwa plau, lakini kwa bledi kitamchezea dereva, kwa sababu kila boksi likijaa kitalipandisha bila kuulizwa. Kazi ya kusawazisha hufanywa kwa kishikio cha kimo. Ikumbukwe pia kwamba mikono hiyo hunyanyua tu, haikandamizi. Kinacholizamisha boksi ni uzito wake na meno yake. Kwenye ardhi iliyokauka kama tofali, boksi jepesi litapita juu juu likipiga kelele.

Ndiyo maana wakati wa kufanya kazi ni muhimu kuliko nguvu ya injini. Udongo mweusi wa mbuga ukiwa umelowa hunata ndani ya boksi na haumwagiki, na ukikauka kabisa hupasuka mabonge. Nafasi nzuri ni baada ya mavuno, udongo ukiwa umekauka juu lakini bado una unyevu kidogo chini. Aliyechelewa apige haro kwanza, kisha alete bledi.

Sasa turudi kwenye lile jaruba la mita 50 kwa 40. Kabla ya trekta kuwashwa, shamba lipimwe. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi wa nyumba huutumia kupimia msingi, unatosha kabisa. Vijiti vichomekwe kila baada ya mita 10, kila kijiti kiandikwe kimo chake, wastani utafutwe, na panapozidi wastani pafungwe kitambaa chekundu. Mkulima atakuwa ameona kwa macho udongo unakotoka na unakokwenda.

Kwa mteremko wa sentimita 20, udongo wa kuhamishwa ni mita za ujazo 50. Boksi la ukubwa uliotajwa hubeba takriban theluthi moja ya mita ya ujazo, kwa hiyo zinahitajika safari kama 150. Kila safari, kwenda na kurudi, ikichukua dakika 2, hiyo ni kazi ya saa 5. Kwa trekta ya ukubwa huo mafuta ni kama lita 5 hadi 8 kwa saa kulingana na mzigo. Mwenye trekta anayekubali bei ya ekari bila kuona vijiti anacheza kamari, na mkulima anayelipa kwa saa bila kujua idadi ya safari anacheza kamari hiyohiyo. Waliopima wanaweza kupatana kwa haki.

Hesabu hiyo ina faraja ndani yake. Mkulima akijenga ukingo mmoja katikati na kuligawa jaruba mara mbili, kila nusu ikisawazishwa kwa kimo chake, udongo wa kuhamishwa unapungua hadi mita 25 na umbali wa kuubeba unapungua kwa nusu. Gharama inaweza kushuka hadi chini ya nusu. Anachopoteza ni kipande kidogo cha ardhi kinacholiwa na ukingo. Penye mteremko mkali ni afadhali kuongeza kingo kuliko kulazimisha jaruba kubwa la kupendeza macho.

Jambo ambalo wenye trekta hawalisemi ni rutuba. Ncha ya juu ya jaruba hilo itakwanguliwa hadi sentimita 10, na mara nyingi huo ndio udongo wote wenye mboji. Mpunga utakaopandwa juu ya udongo wa chini utakuwa wa njano msimu wa kwanza, na mkulima atasema bledi imemharibia shamba. Ni kweli itakuwa imemharibia, kama hakujiandaa. Wapo wanaoweza kukusanya kwanza udongo wa juu pembeni, kusawazisha ule wa chini, kisha kuurudisha. Hiyo ni kazi mara mbili na mafuta mara mbili. Njia nafuu zaidi ni kugawa kazi kwa misimu miwili au mitatu, na kumwaga samadi kwenye upande uliokwanguliwa. Upande uliojazwa nao uachwe juu kidogo ya kipimo, kwani udongo uliolegea utashuka ukinywa maji.

Je, zana hii inalipa? Kwa mkulima mmoja mwenye jaruba moja, hapana; akodi. Kwa kikundi au ushirika wa umwagiliaji wenye trekta tayari, hesabu ni nyingine, kwa kuwa jaruba likishasawazishwa vizuri halihitaji tena kazi kubwa kwa misimu kadhaa, na boksi huenda kwa mwanachama mwingine. Nje ya msimu hutengeneza njia za shambani, viwanja vya kuanikia mpunga na maeneo ya magulio. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuliunda, mradi makali yawe ya chuma kigumu na yafungwe kwa bolti ili yabadilishwe yakilika. Yaliyochomelewa moja kwa moja ni hasara ya baadaye.

Usalama hauhitaji maneno mengi. Boksi lisikaliwe na watoto ili kuongeza uzito, jambo linaloonekana sana kwenye haro. Lishushwe chini kila injini inapozimwa, na fundi asiingie chini yake likiwa linaning'inia kwenye haidroliki. Kwenye kichuguu au kisiki, meno yapandishwe na trekta isimame. Kisiki king'olewe kwa mkono.

Kazi ikikamilika, kipimo cha mwisho ni maji yenyewe. Kabla ya kuchavanga, yafunguliwe kidogo tu, kiasi cha kulowesha, na mkulima azunguke kingoni na vijiti vyake. Panapobaki kisiwa achomeke kijiti, panapotokea dimbwi achomeke kingine cha rangi tofauti. Trekta haina haja ya kurudi. Vinundu vilivyobaki ni vya sentimita chache, na hivyo ndivyo vinavyofaa kwa ubao wa pawatila, ndani ya tope, asubuhi ya siku ya zamu.