Pawa Saplai: Sanduku Linaloamua Kama Kompyuta Itawaka

Je, wajua kwamba kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani huwa haizimiki kabisa? Skrini inaweza kuwa nyeusi na feni zote zimetulia, lakini pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme nyuma ya kasha, bado inapeleka volti 5 kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kupitia waya wa zambarau. Umeme huo mdogo huiacha mazabodi macho, ikisubiri ubonyeze kitufe.

Zamani haikuwa hivyo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na swichi kubwa iliyokata umeme wa ukutani moja kwa moja. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa utaratibu uitwao ATX, na ndio unaomwezesha mtu leo kununua mazabodi duka hili, pawa saplai duka lile, kasha kwingine, akaviunganisha sebuleni kwake na vikaelewana. Katika ATX kitufe cha mbele hupeleka ombi tu. Mazabodi ikilipokea, huushusha waya wa kijani hadi karibu na volti 0. Pawa saplai ikihisi hivyo inaanza kutoa volti 12 kwenye nyaya za njano, 5 kwenye nyekundu na 3.3 kwenye za rangi ya chungwa. Kisha inajikagua. Ikiridhika kwamba volti zote zimetulia, ndani ya milisekunde 100 hadi 500 inauinua waya wa kijivu hadi volti 5, na hapo ndipo prosesa inaporuhusiwa kuanza kazi. Saplai nyingi za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu, lakini nafasi kwenye plagi kubwa ya siku hizi zinajulikana: kijani ni pini ya 16, kijivu ya 8, zambarau ya 9.

Naukazia mpangilio huu kwa sababu ndio unaomwokoa mtu asitupe fedha. Kompyuta uliyoijenga mwenyewe ikikata ghafla, usianze kwa kukisia kilichoungua. Uliza kwanza: safari ya umeme imekatikia wapi?

Ukibonyeza kitufe na kukawa kimya kabisa, bila taa wala feni, basi umekwama mwanzoni. Jaribu soketi kwa kifaa kingine, badilisha waya wa umeme, tazama swichi ya nyuma ya saplai. Baada ya hapo kishuku kitufe chenyewe, maana waya wake mwembamba huchomoka kwa urahisi. Gusanisha pini zake mbili kwenye mazabodi kwa ncha ya bisibisi uone kama itawaka. Mazabodi nyingi zina taa ndogo inayoonyesha kwamba zile volti 5 za kusubiri zimefika. Isipowaka, mshukiwa mkuu ni pawa saplai.

Feni zikizunguka kidogo tu na kusimama, hiyo ni habari nyingine kabisa. Saplai imeanza kazi, mara nyingi imehisi shoti, ikajikata ili isiunguze vitu. Kwa kompyuta za kujijengea, shoti mara nyingi hutoka kwenye kasha: skrubu iliyodondokea nyuma ya mazabodi, au kile kiguu cha shaba cha kuinulia mazabodi kilichofungwa mahali pasipo na tundu lake. Dawa yake ni uvumilivu. Itoe mazabodi, iweke juu ya boksi lake la karatasi, ubakize prosesa na feni yake, RAM moja na saplai. Ikiwaka, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukichomoa umeme kabla ya kila hatua. Kifaa kitakachoirudisha kwenye ugonjwa wake ndicho chenye kosa.

Feni zikiendelea kuzunguka lakini picha haiji, kwa kawaida saplai imekwisha kufanya sehemu yake. Hapo nenda kwenye RAM: chomoa, futa miguu yake, rudisha mpaka ibane. Kwa sisi wa pwani, unyevu na hewa ya chumvi huchafua miguu hiyo mapema. Kama kompyuta ina kadi ya picha, hakikisha pia kwamba waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi hiyo na si kwenye mazabodi.

Mafundi wengi huipima saplai kwa kuichomoa kwenye mazabodi na kuunganisha pini ya kijani na nyeusi kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, wanasema ni nzima. Siikubali hukumu hiyo. Saplai isiyobeba mzigo inaweza kuonekana hai, kisha ikaanguka pale kadi ya picha inapodai umeme mwingi katikati ya mchezo mzito. Na ziko saplai ambazo feni zake hukaa kimya mzigo ukiwa mdogo, ingawa ni nzima. Ipime kwa mita ikiwa kazini: waya wa volti 12 usishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6.

Inachakaaje? Kwa joto hasa. Ndani yake mna kapasita zenye majimaji, na kila joto linapopungua nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hizo huongezeka karibu mara mbili. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, pamoja na vumbi lililoziba feni, hufanya kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilienea duniani kote, zikavimba vichwa na kuvuja kwenye mazabodi na saplai. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kugharamia kompyuta zake zilizoathirika. Mpaka leo, kapasita iliyovimba kichwa kwenye mazabodi ni ushahidi usiohitaji mita.

Lakini usiifungue saplai kutafuta ushahidi huo. Kapasita zake kubwa hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Pia usichukue nyaya za saplai moja ukazichomeka kwenye nyingine kwa sababu tu plagi zimeingia. Upande wa saplai hakuna utaratibu mmoja wa pini. Volti 12 zinaweza kufika mahali pa volti 5, na diski yenye picha zako zote ikafa papo hapo.

Kwa hiyo, kabla hujanunua mazabodi mpya au prosesa mpya, mwombe rafiki akuazime pawa saplai anayoijua kuwa nzima, pamoja na nyaya zake, uijaribu jioni moja. Na siku ya kujenga kompyuta nyingine, punguza gharama kwenye kasha au taa za rangi, ila sanduku la umeme nunua la uhakika.