Ufuatiliaji wa Metriki ya Njia katika Swichi: Nafasi ya Vizingiti

Sehemu hii inafafanua namna swichi ya tabaka la tatu inavyosanidiwa ili ifuatilie metriki ya njia, yaani thamani ambayo itifaki ya uelekezaji huitumia kupima ubora wa njia. Hoja yetu ni kwamba kufuatilia kuwapo kwa njia pekee hakutoshi, kwani njia yaweza kubaki katika jedwali ilhali imekwisha kudhoofika.

Tuchukulie swichi mbili za Cisco Catalyst, A na B, zinazohudumia lango moja la watumiaji kwa itifaki ya HSRP. Kila moja ina kiungo cha faiba cha gigabiti 1 kwa sekunde kuelekea makao makuu. A ina pia kiungo cha redio cha megabiti 100. Swichi hizo hazibadilishani taarifa za OSPF zenyewe kwa zenyewe. Faiba ya A ikikatika, OSPF huhamishia njia kwenye redio. Kwa kuwa njia ingali ipo, ufuatiliaji wa upatikanaji hauoni kasoro: A hubaki kuwa lango na watumiaji wote husongamana kwenye redio, huku faiba ya B ikikaa bure.

Mistari inayohusika katika A ni hii:

track 1 ip route 10.20.0.0/16 metric threshold
 threshold metric up 40 down 80
interface vlan 10
 standby 1 priority 110
 standby 1 preempt
 standby 1 track 1 decrement 20

Swichi huibadili metriki ya itifaki iwe katika skeli ya 0 hadi 255, ambapo 0 ni mtandao uliounganishwa moja kwa moja na 255 ni mtandao usiofikika. Metriki ikifika 80 au zaidi, kipaumbele cha A hushuka kutoka 110 hadi 90, chini ya 100 ya B. Ikirudi 40 au pungufu, A hurejeshewa kipaumbele chake. Pengo kati ya vizingiti hivyo huzuia lango kuhamahama ovyo.

Mambo matatu huweza kuubatilisha usanidi huu bila kutoa onyo lolote. Kwanza, vizingiti vya chaguo-msingi ni 254 na 255. Msanidi asipovibadili, ufuatiliaji wa metriki hautofautiani na ule wa upatikanaji. Pili, OSPF hukokotoa gharama kwa kugawanya megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, na gharama haiwi chini ya 1. Kwa hiyo faiba na redio zote hupata 1. Kasi rejea ikipandishwa hadi megabiti 10,000 katika vifaa vyote vya OSPF, faiba hupata 10 na redio 100. Hapo ndipo vizingiti vya 40 na 80 vinapopata maana. Tatu, B nayo sharti iwe na amri ya preempt, la sivyo haitatwaa nafasi ya A hata kipaumbele cha A kikishuka.

Kwa mantiki hiyo, msanidi aanze na gharama za viungo, kisha achague vizingiti, na mwisho aikate faiba kwa makusudi na kusoma matokeo ya amri ya show track 1. Usanidi uliokubaliwa na swichi bado si ushahidi kwamba unafanya kazi.